Ndege Ametua au Imetua? Siku ya Kutazama Ndege kama Darasa la Msamiati wa Kiswahili

IKISIRI

Makala haya yanachunguza msamiati wa ndege katika Kiswahili na namna unavyoweza kurithishwa kupitia shughuli ya kutazama ndege inayofanywa na jamaa pamoja na marafiki. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya ndege, lakini hazina hiyo imo katika hatari ya kusahauliwa kwa sababu wazungumzaji vijana wanaridhika na neno moja la jumla, yaani ndege. Makala yanatumia kielelezo cha siku moja katika msitu wa Arabuko-Sokoke, magofu ya Gede na hori ya Mida, Kaunti ya Kilifi, ili kuonyesha jinsi majina hayo yanavyoundwa, yanavyotatanisha na yanavyobeba itikadi za jamii. Mwishoni, mapendekezo yanatolewa kwa walimu, wanaleksikografia na vyama vya wanafunzi wa Kiswahili.

1.0 UTANGULIZI

Mtoto wa darasa la tano anaelekeza kidole juu ya mnazi na kusema, "Nyanya, ndege imetua pale!" Nyanya yake anacheka, kisha anamjibu, "Ikiwa imetua, mjukuu wangu, basi tuwatafute abiria. Huyo ametua, na jina lake ni mwewe."

Katika jibu hilo fupi mna masomo mawili. La kwanza ni la sarufi. Nomino ndege ina maana zaidi ya moja, na upatanisho wa kisarufi ndio unaozitenganisha. Kiumbe mwenye mabawa na manyoya huchukua upatanisho wa A-WA: ndege ametua, ndege wametua. Chombo cha usafiri, ambacho pia huitwa eropleni, huchukua upatanisho wa I-ZI: ndege imetua, ndege zimetua. Kosa la mtoto huyu ni la kawaida miongoni mwa wanafunzi, hasa wa mijini, ambao huenda wanalisikia neno hili likitumiwa kwa chombo mara nyingi kuliko kwa kiumbe.

Somo la pili ni la msamiati, nalo ndilo zito zaidi. Nyanya hakutosheka na kusahihisha kiambishi. Alitaja jina. Kwake yeye, kumwita mwewe "ndege" tu ni sawa na kumwita jirani "mtu". Kwa mjukuu, viumbe vyote vinavyoruka, ukiondoa kuku na labda bata, ni ndege basi. Kati ya vizazi hivi viwili pana pengo, na pengo hilo ndilo lililochochea kuandikwa kwa makala haya.

Kenya ni nchi yenye ndege wa aina zaidi ya 1,000. Vitabu maarufu vya kuwabainishia, kama kile cha Zimmerman, Turner na Pearson cha 1996 na kile cha Stevenson na Fanshawe cha 2002, vimeandikwa kwa Kiingereza. Kijana anayetaka kuwajua ndege wa kwao hulazimika kupitia lugha nyingine, hata pale ambapo lugha yake tayari ina jina. Haya yanatokea ilhali Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Swali la kujiuliza ni hili: je, lugha inaweza kudai kuwa imekamilika ikiwa wazungumzaji wake hawawezi kuwataja viumbe wanaoishi juu ya mapaa yao?

2.0 MKABALA WA NADHARIA

Uchunguzi huu unaongozwa na nadharia ya uainishaji asilia wa viumbe, iliyofafanuliwa kwa mapana na mwanaanthropolojia Mmarekani Brent Berlin katika kitabu chake cha 1992. Kwa mujibu wa mkabala huu, jamii zote za wanadamu huwapanga wanyama na mimea katika ngazi. Kwa ajili ya makala haya, ngazi tatu zinatosha.

(i) Ngazi ya jumla: hapa ndipo lilipo neno ndege, likitofautiana na samaki, nyoka na mengineyo.

(ii) Ngazi ya msingi: hapa yamo majina kama bundi, njiwa, kunguru, hondohondo na mnana. Aghalabu ni neno moja, na ndiyo ngazi inayotumiwa zaidi na watu wanaoishi karibu na mazingira yao.

(iii) Ngazi mahususi: hapa jina la msingi huongezewa kivumishi au kirai ili kutenga aina moja na nyingine, mathalani njiwa manga au kunguru wa Bara Hindi.

Wataalamu wa taaluma hii wameonyesha kuwa jamii inapojitenga na mazingira yake, wazungumzaji huanza kupoteza majina ya ngazi ya msingi na kurejea katika ngazi ya jumla. Hivyo, mtoto anayesema "ndege" kwa kila kiumbe chenye mabawa si mvivu wala si mjinga. Yeye ni ushahidi wa mabadiliko ya lugha yanayotokea mbele ya macho yetu.

3.0 SIKU YA KIELELEZO

Ili kuyaweka maelezo haya katika hali halisi, tuchukue kielelezo cha familia moja ya Kilifi inayotoka Jumamosi ya mwezi wa Oktoba kwenda kutazama ndege. Wamo nyanya, mwanawe wa kiume na mkewe, wajukuu wawili, na rafiki wa baba aliyetoka Machakos pamoja na binti yake. Familia yenyewe ni ya kubuni. Mahali, ndege na majina ni halisi. Vifaa vyao ni darubini moja ya kupokezana, daftari, kalamu, chupa za maji na kikapu cha mahamri.

3.1 Alfajiri: Msitu wa Arabuko-Sokoke

Arabuko-Sokoke ni msitu wenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 420, na ndio mkubwa zaidi kati ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki iliyosalia ikiwa kipande kimoja. Katika msitu mnene, sikio hutangulia jicho. Kabla jua halijachomoza vyema, watoto wanasikia sauti nzito inayoteremka kama maji yanayomiminwa kutoka katika chupa. "Huyo ni dudumizi," anasema nyanya. "Wengine humwita tipitipi. Akilia hivyo, wazee hutazama mawingu, maana husemwa kuwa anaita mvua."

Punde si punde unasikika mgongano wa mdomo na gogo. Mama wa watoto anauliza, "Ni nani anayegonga?" Mtoto mdogo anabahatisha, "Kigong'ota?" Amepatia. Hakuwahi kufunzwa jina hilo. Amelitunga kutokana na kitenzi gong'ota, akagundua kuwa lugha ilikuwa imemtangulia. Tukio dogo kama hili linamfunza mtoto unyambuaji kuliko orodha ndefu ya ubaoni.

Baadaye wanapita hondohondo wawili wenye midomo mikubwa, mabawa yao yakivuma. Mlamba mweusi ametua kwenye tawi kavu, mkia wake umegawanyika mithili ya uma. Chozi anaelea mbele ya ua akifyonza nekta. Kundi la kororo, jamaa wa kanga wenye kishungi kichwani, linavuka njia kwa haraka na kutokomea vichakani.

Mwongozaji wa msitu anawaonyesha mahali panapoishi bundi mdogo sana, mwenye urefu usiofika sentimita 20, anayelala mchana katika vichaka vya sehemu yenye udongo mwekundu. Ni bundi anayepatikana hapa na katika misitu ya chini ya milima ya Usambara nchini Tanzania. Jina lake la kisayansi, Otus ireneae, lilitolewa mnamo 1966. Mwongozaji anaeleza pia juu ya mnana wa manjano na mweusi, Ploceus golandi, anayejulikana katika Kaunti ya Kilifi pekee. Huyu alipewa jina la kisayansi mnamo 1913.

Hapa binti wa Machakos anauliza swali ambalo wakubwa hawakulitarajia: "Na kwa Kiswahili wanaitwaje?" Mwongozaji anasita. Kuna bundi na kuna mnana, lakini majina ya kuwatenga ndege hawa wawili na bundi na minana wengine hayajazoeleka katika Kiswahili sanifu. Ireneae ni kumbukumbu ya mwanamke aliyeitwa Irene. Golandi ni kumbukumbu ya mwanamume aliyeitwa Goland. Viumbe wanaoishi Kilifi tangu kale wanabeba majina ya wageni, na lugha ya taifa haijawapa yake.

3.2 Mchana: Magofu ya Gede

Jua linapopanda, familia inahamia Gede, mji wa kale wa Waswahili ulioingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mnamo 2024. Juu ya mikuyu iliyoota kati ya kuta, ndege wa kijani wanakula tini. "Njiwa!" anasema baba. "Ninga," anarekebisha nyanya kwa upole. Ndipo mjadala unapoanza. Kumbe katika jamii hii ya ndege mna njiwa, hua, tetere, pugi na ninga. Baba anakiri kwamba yeye huwaita wote njiwa. "Mama, uliyapata wapi haya yote?" anauliza. "Tulikuwa tukilinda mpunga," anajibu mama yake. "Asiyemjua adui kwa jina atamfukuzaje?"

Jibu hilo lina uzito wa kitaaluma. Msamiati wa ndege haukuzaliwa kwa ajili ya starehe. Ulizaliwa shambani, baharini na mtegoni. Mkulima alimjua kwelea kwa sababu makundi yake huangamiza nafaka. Mvuvi alimtazama shakwe ili kujua samaki walipo. Mfugaji wa kuku alimwogopa kipanga. Kazi hizi zinapopungua au kubadilika, majina hupoteza ajira yao, na neno lisilo na ajira halikawii kusahauliwa. Kutazama ndege, basi, kunaweza kuyapa majina haya ajira mpya.

Juu ya paa la kibanda karibu na lango wanatua kunguru wengi wenye shingo ya kijivujivu. Mtoto anaandika daftarini: kunguru. Nyanya anamwambia asubiri. "Kunguru wetu ana kidari cheupe kama aliyevaa fulana. Hawa ni wageni." Hawa ni kunguru wa Bara Hindi, Corvus splendens, walioletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na baadaye kuenea pwani yote. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na idadi yao imekuwa kero kiasi kwamba mnamo 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza takriban milioni moja. Jina moja likitumiwa kwa ndege wawili, mmoja mwenyeji na mwingine mvamizi, mwenyeji anaweza kuadhibiwa kwa makosa ya mgeni. Kwa hiyo ngazi mahususi ya majina si anasa ya wataalamu; inaweza kuamua nani aishi na nani afe.

3.3 Alasiri: Hori ya Mida

Hori ya Mida imezungukwa na mikoko, na maji yake hufuata mwendo wa bahari. Maji yanapokupwa, sehemu pana ya matope hubaki wazi, nao ndege wa pwani hutawanyika wakitafuta chaza, minyoo na kaa. Maji yanapojaa, wao husogea na kukusanyika karibu. Wengi wao ni wahamiaji wanaosafiri kutoka maeneo ya kaskazini, hata Siberia, na kukaa pwani ya Kenya takriban kuanzia Septemba hadi Aprili.

Hapa nyanya, ambaye marehemu mumewe alikuwa mvuvi, anaonekana kama profesa katika ukumbi wake. Yangeyange ni huyo mweupe mwenye shingo ndefu. Kulastara ni huyo mkubwa wa kijivu aliyesimama kimya kama anayesali. Sululu ni mwenye mdomo mrefu uliopinda. Mdiria ni yule anayejirusha majini kama jiwe na kuibuka na samaki. Mbali kidogo, wekundu hafifu unaonekana juu ya maji: ni heroe, ambao vijana wengi huwajua kwa jina la flamingo kwa sababu ya picha za Nakuru na Bogoria. Juu angani barawai wanakata huku na huko. Rafiki wa baba anashangaa, maana katika vitabu alivyosoma shule aliwajua kwa jina la mbayuwayu. Wote wawili wamesema kweli.

Jua linapotua, daftari la watoto limejaa kurasa tatu. Mtoto aliyeanza siku kwa "ndege imetua" anaiambia familia nzima, "Sululu wametua." Hakuna anayemsahihisha.

4.0 UCHANGANUZI WA MAJINA

4.1 Uundaji

Majina yaliyokusanywa katika siku hii ya kielelezo yanadhihirisha mbinu kadhaa za uundaji wa maneno.

Kwanza, kuna tanakali za sauti. Ferdinand de Saussure alifundisha kuwa uhusiano wa umbo la neno na dhana yake ni wa kinasibu, ingawa aliyataja maneno yanayoiga sauti kuwa ndiyo yanayoweza kutolewa kama pingamizi. Msamiati wa ndege umejaa mapingamizi ya namna hiyo. Tipitipi, keremkerem, hondohondo na kwarara ni majina ambayo mtu akiyatamka polepole husikia mlio ndani yake. Uradidi wa silabi katika majina haya unalingana na mlio wa ndege mwenyewe, ambao pia hurudiwarudiwa. Berlin naye amelionyesha jambo hili katika lugha nyingi za ulimwengu: majina ya ndege huelekea kuiga sauti kwa kuwa ndege husikika kabla ya kuonekana.

Pili, kuna unyambuaji na uambatanishaji. Kigong'ota limetokana na kitenzi. Kirukanjia, ndege wa usiku mwenye mazoea ya kutua njiani na kuruka mtu anapokaribia, limeundwa kwa kitenzi na nomino. Mpasuasanda, jina la ndege wa usiku anayehusishwa na msiba, limejengwa kwa njia hiyo hiyo. Kijumbamshale nalo lina neno mshale, nasi tukimwona ndege huyo anavyoipasua hewa hatuhitaji kuelezwa sababu.

Tatu, kuna suala la ngeli. Majina mengi kati ya haya yana maumbo ya ngeli mbalimbali. Kipanga, kitororo na kijumbamshale yana kiambishi ki-. Mdiria na mnandi yana m-. Bundi na shore hayana kiambishi dhahiri. Hata hivyo, yote huchukua upatanisho wa A-WA: kipanga huyu amemkwapua kifaranga, wala si kipanga hiki kimemkwapua. Mwanafunzi anayetaka kuelewa kwa nini kigezo cha kisintaksia kinafaa zaidi kuliko kile cha kimofolojia katika uainishaji wa ngeli hatapata mifano bora kuliko hii.

4.2 Usinonimia na Polisemia

Barawai na mbayuwayu, shomoro na jurawa, mnana na kwera, dudumizi na tipitipi: jozi hizi zinaonyesha utajiri na pia utata. Tofauti nyingine ni za kilahaja, nyingine ni za kimatumizi, na nyingine huenda zilikuwa za kiaina kabla wazungumzaji hawajazichanganya. Msanifishaji anayekimbilia kufuta jina moja na kubakiza lingine anaweza kufuta maarifa bila kujua.

Kwa upande wa polisemia, majina kadhaa yana maisha mengine nje ya msitu. Mwari ni ndege mkubwa wa majini mwenye mfuko chini ya mdomo, na ni msichana aliyevunja ungo. Chozi huanguka kutoka jichoni na pia hufyonza maua. Kanga huvaliwa na pia hutaga. Inaaminika kuwa vazi lilipewa jina la ndege kwa sababu ya madoadoa yake. Muktadha na upatanisho wa kisarufi ndio unaomwokoa msikilizaji.

Neno ndege lenyewe lina historia ya kuvutia. Kiswahili cha zamani na baadhi ya lahaja za kaskazini zina neno nyuni kwa maana hiyo hiyo. Katika kielelezo chetu, nyanya anapolitaja neno hili, rafiki kutoka Machakos anaruka kwa furaha: "Sisi twasema nyunyi!" Wakikuyu nao husema nyoni. Hivyo, neno ambalo Kiswahili sanifu kimelisukuma pembeni ndilo linalokiunganisha waziwazi na ndugu zake wa Kibantu.

4.3 Itikadi

Neno ndege lina maana nyingine ambayo wanafunzi wengi hawaijui: bahati au ishara. Wazee husema ndege njema kwa ishara ya heri na ndege mbaya kwa ishara ya shari. Vilevile, ugonjwa wa watoto wa kutetemeka kwa homa kali huitwa degedege, na zamani uliitwa pia nyuni, kwa imani kwamba ulisababishwa na ndege. Lugha imehifadhi fikra za kale kama kaharabu inavyohifadhi mdudu.

Itikadi hizi zina madhara halisi. Bundi akilia juu ya paa, wengi huamini kuwa msiba umekaribia, na wapo wanaomwua au kumfukuza. Katika familia yetu ya kielelezo, mama wa watoto anakataa kumtazama bundi kwa darubini. Nyanya, ambaye angetarajiwa kuwa mshikilizi wa mila, anamwambia: "Mwanangu, ghala la babu yako halikuwa na panya kwa sababu ya huyo. Tulimwogopa usiku, tukamshukuru asubuhi." Hoja yake ni sahihi kibayolojia, kwani aina nyingi za bundi hula panya. Aidha, inaonyesha kuwa mapokeo hayana sauti moja. Ndani ya jamii ile ile mna hofu na mna shukrani. Kilichobaki ni kuchagua tutakachokirithisha.

5.0 ATHARI ZA KUPOTEA KWA MAJINA

Kuna athari tatu zinazofaa kutajwa. Ya kwanza ni ya kifasihi. Msomaji asiyemjua kunguru alivyo mwepesi wa kushtuka hawezi kuuonja utamu wa methali "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake." Mashairi na nyimbo za Waswahili zimejaa ndege wanaosimama kwa niaba ya wapenzi, wadanganyifu na wasafiri. Mwanafunzi akisoma ninga na kuelewa "ndege fulani", nusu ya taswira imempotea.

Ya pili ni ya kileksikografia. Kamusi za Kiswahili, tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, zimehifadhi majina mengi ya ndege. Hata hivyo, fasili zake mara nyingi ni fupi: ndege mdogo wa rangi fulani, au ndege wa majini mwenye miguu mirefu. Fasili ya aina hiyo huwafaa ndege kumi kwa pamoja. Wazee wanaoweza kuelekeza kidole na kusema "ni huyu" wakiondoka, jina hubaki kamusini kama ufunguo usio na mlango.

Ya tatu ni ya kimazingira. Mnana wa Kilifi na bundi wa Sokoke wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini duniani, hasa kwa sababu ya kuharibiwa kwa misitu. Ni vigumu kuishawishi jamii ilinde kiumbe ambacho haina namna ya kukitaja. Ndege na jina lake hutegemeana: ndege akitoweka, jina hufa kwa kukosa kirejelewa, jina likitoweka, ndege hufa kwa kukosa mtetezi.

6.0 MAPENDEKEZO

Kutokana na mjadala huu, mapendekezo yafuatayo yanatolewa.

(a) Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni viandae matembezi ya kutazama ndege. Shirika la Nature Kenya, lililoanza mnamo 1909 kama chama cha elimuviumbe cha Afrika Mashariki, limekuwa na matembezi ya namna hiyo jijini Nairobi kwa miongo mingi. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kushiriki wakiwa na daftari la majina. Siku ya Ndege Wahamao Duniani, inayoadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba, ni fursa mwafaka.

(b) Mwanafunzi anayekusanya data azingatie mambo manne kwa kila jina: nani amelitaja na ni wa lahaja gani, ndege amebainishwa vipi, kwa picha au jina la kisayansi, mlio wake unasemwaje na wenyeji, na kuna methali, imani au kisa gani kumhusu. Jina bila mambo haya ni nusu ya data.

(c) Walimu wa shule watumie ndege wa uwanjani kufunza upatanisho wa kisarufi, unyambuaji na tanakali za sauti. Darubini si lazima. Kunguru na shomoro hawahitaji kuvutwa karibu.

(d) Wanaleksikografia washirikiane na wanaonitholojia ili kila kidahizo cha ndege kiambatane na picha na jina la kisayansi. Pale ambapo jina mahususi halipo, liundwe kwa kutumia rasilimali za Kiswahili na za lugha jirani kama Kigiriama, badala ya kutohoa moja kwa moja.

(e) Wazazi wawape watoto fursa ya kutembea na wazee wao. Samaki mkunje angali mbichi. Saa mbili chini ya mkuyu pamoja na nyanya zinaweza kuhifadhi majina ambayo hakuna mradi wa fedha nyingi utakaoweza kuyafufua baadaye.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kuwa siku moja ya kutazama ndege inaweza kugusa fonolojia, mofolojia, sintaksia, semantiki, lahaja na fasihi simulizi bila mtu yeyote kuketi darasani. Yameonyesha pia kwamba upungufu unaodaiwa kuwa wa Kiswahili katika nyanja hii kwa kiasi kikubwa si wa lugha bali ni wa wazungumzaji. Majina yapo: kamusini, na zaidi katika vinywa vya wazee. Pale ambapo hayapo, lugha ina uwezo wa kuyazaa.

UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mnamo 2021, na fahari hiyo inastahili. Hata hivyo, lugha haikui kwa maadhimisho peke yake. Hukua pia pale mtoto anapoinua macho kutoka kwenye matope ya Mida, akaona mdomo mrefu uliopinda, na jina likamjia kabla ya kidole: sululu.